Afrika Mikono, Ugiriki Akili: Kasoro ya Albamu Ninayoipenda

Chukua simu, fungua kikokotoo. Wimbo wa mwisho wa albamu ya Nightwish ya mwaka 2015, Endless Forms Most Beautiful, una dakika 24 na sura tano. Sura ya kwanza imepewa jina la namba: nne nukta sita, yaani miaka bilioni 4.6 tangu Dunia ianze kujikusanya. Gawanya. Kila sekunde ya wimbo inabeba miaka milioni 3.2 hivi. Tiktaalik, yule samaki ambaye mapezi yake yalikuwa yameanza kuwa mikono, aliishi miaka milioni 375 iliyopita. Angeingia zikiwa zimebaki kama dakika mbili wimbo uishe. Dinosaria wangekata kauli sekunde 21 kabla ya mwisho. Nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano kule kaskazini mwa Tanzania miaka milioni 3.66 iliyopita, zingesikika ndani ya sekunde moja na kidogo ya mwisho. Na sisi binadamu wa leo, wenye miaka laki tatu hivi, tungeambulia sehemu ya kumi ya sekunde. Mpiga dramu akigonga mara moja, tumekwisha.

(Wanajiolojia watakwambia umri wa Dunia ni bilioni 4.54. Tusigombane na wanamuziki kwa milioni sitini.)

Bendi haikufuata hesabu hiyo, na ilifanya vizuri. Sura mbili kati ya tano wamempa binadamu, kana kwamba amelipa kiti cha mbele. Wimbo si rula. Lakini mtu akishaamua kupunja hapa na kuongeza pale, tunayo haki ya kutazama ameongeza wapi na amepunja nani. Nimeisikiliza albamu hii kwa miaka sasa, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye basi la usiku, na kuna mstari mmoja katika wimbo huo ambao kila ukifika nauona kama kokoto kwenye wali. Nitaufikia.

Kwa asiyewajua, Nightwish ni bendi ya Ufini iliyoanza mwaka 1996 katika mji mdogo wa Kitee. Kazi yao ni roki nzito iliyovikwa okestra na kwaya, na mbele ya kishindo chote hicho husimama mwanamke. Wa kwanza alikuwa Tarja Turunen, mwenye sauti ya opera, aliyeondolewa mwaka 2005 kwa barua ya wazi ambayo mashabiki wanaibishania hadi leo. Akafuata Anette Olzon. Oktoba 2012, katikati ya ziara ya Marekani, Anette akatoka, na Floor Jansen kutoka Uholanzi akaitwa kwa dharura. Alikuwa na kama siku mbili tu za kujiweka tayari kabla ya kupanda jukwaani Seattle. Endless Forms ndiyo albamu yake ya kwanza ya studio akiwa nao. Mtunzi mkuu, kabla yake na baada yake, ni mpiga kinanda Tuomas Holopainen.

Msikilizaji wa pwani hatashangazwa na mwanamke mbele ya okestra. Fidla kumi nyuma ya sauti moja ya kike tumezizoea tangu taarabu ni taarabu. Tofauti ni kwamba katika taarabu fidla humjibu mwimbaji, humpokea neno na kumrudishia, wakati kwa Wafini hawa okestra na magitaa yanagombania kiti kimoja na mwimbaji inabidi apite katikati yao bila kuguswa. Floor anaweza. Waliomwona jukwaani Wacken, Ujerumani, mwaka 2013 wanajua kwamba akiamua kuachia koo, paa linatafuta misumari yake.

Ajabu ni kwamba kwenye albamu hii haachii sana. Sehemu kubwa anaimba chini chini, karibu na masikio, kama mtu anayesimulia watoto jambo kubwa na hataki kuwatisha. Mwanzoni nililiona hilo kuwa ni ubadhirifu: umenunua simba, unamfuga kama paka. Siku hizi nadhani Holopainen alijua anachofanya. Mambo ya miaka bilioni hayahitaji kupigiwa kelele. Katika sura ya kwanza ya wimbo mrefu, baada ya piano kutembea peke yake kwa muda, Floor anapanda kwenye sauti nyembamba ya opera kwa maneno machache sana: upeo wa kale, jua la kwanza, na mahali fulani ndani ya picha hiyo sisi, tumelala. Basi. Ni kama kutazama shamba kabla ya mvua.

Tuje kwenye sayansi yenyewe. Jina la albamu limetoka katika sentensi ya mwisho ya kitabu cha Charles Darwin cha 1859 kuhusu asili ya spishi. Jina la wimbo mrefu, The Greatest Show on Earth, ni jina la kitabu cha mwanabiolojia Mwingereza Richard Dawkins cha 2009. Na Dawkins mwenyewe yumo: sauti yake ndiyo ya kwanza kusikika albamu inapoanza na ni miongoni mwa za mwisho inapofunga. Holopainen alimwandikia barua akimwomba asome, mzee akakubali. Desemba 19, 2015 akapanda jukwaani nao Wembley Arena, London, profesa wa Oxford na koti lake katikati ya watu wenye nywele hadi kiunoni.

Jambo ambalo mashabiki wengi wa Ulaya hawalijui, au hawalijali, ni kwamba Dawkins ni mzaliwa wa Nairobi. Alizaliwa Machi 26, 1941. Baba yake alikuwa afisa kilimo Nyasaland, Malawi ya leo, akachukuliwa na vita kuingia Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na ndiyo maana familia ikawa Kenya. Albamu ilitoka Machi 27, 2015, siku moja baada ya yeye kutimiza miaka 74. Sijengi nadharia juu ya hilo. Nalitaja kwa sababu sauti inayotusimulia safari ya binadamu ilipata pumzi yake ya kwanza si mbali na lilikoanzia simulizi lenyewe.

Wengi huiita albamu hii ya dhana moja, yaani iliyofungwa na wazo moja kama shanga kwenye uzi. Ukweli ni kwamba uzi umekatika mahali kadhaa. Kati ya nyimbo 11, mmoja ni wa Thoreau, mwandishi wa Marekani, na kibanda chake msituni, mwingine ni wa kundi la wasanii wa kubuni kutoka riwaya ya kifantasia, na mmoja, ulio na kwaya ya watoto bila mashairi ya kawaida, unamhusu Sharbat Gula, yule msichana wa Afghanistan ambaye macho yake ya kijani yalitoka kwenye jalada la National Geographic mwaka 1985. Huo wa mwisho ni mzuri, lakini umekaa kama mgeni aliyekosea harusi.

Kinachonikera zaidi ni mahubiri. Kuna wimbo unaoitwa Weak Fantasy, wa pili kama sikosei kuhesabu kila ninapouruka, ambao kazi yake ni kuiambia dini kwamba ni hadithi dhaifu. Sina shida na mtu asiyeamini. Shida yangu ni ya ufundi. Bendi ile ile inayoweza kunifanya nihisi uzito wa miaka bilioni kwa noti nne za piano, hapa inanyoosha kidole na kunieleza nifikiri nini, na muziki mara moja unapungua akili. Nimekulia mtaa wenye msikiti mbele na kanisa nyuma. Mahubiri kwa kipaza sauti nayajua, na nimejifunza kulala huku yanaendelea. Mwanasayansi anayepanda mimbari anasikika vilevile.

Ndiyo maana napenda zaidi mahali ambapo albamu inajisaliti yenyewe. Karibu na mwisho, Dawkins anasoma ile aya ya kufungia ya Darwin. Kwa Kiswahili ningeitoa hivi: kuna adhama katika mtazamo huu wa uhai, pamoja na nguvu zake kadha wa kadha, uliopulizwa hapo mwanzo ndani ya maumbo machache au ndani ya umbo moja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika chapa ya kwanza. Chapa ya pili, iliyotoka Januari 1860, Darwin aliongeza maneno: uliopulizwa na Muumba. Dawkins anasoma ya kwanza, bila Muumba, kama mtu yeyote anayemfahamu angetarajia.

Sasa angalia kitenzi. Unaweza kumtoa Muumba, lakini "kupulizwa" kumebaki. Kwa Kiingereza sentensi inapita tu. Kwa Kiswahili, ukisema "ulipulizwa" ukanyamaza, msikilizaji anabaki amekutazama mdomoni akisubiri: na nani? Kauli ya kutendwa kwetu inaacha kiti wazi. Darwin alijua kabisa neno hilo limetoka wapi, limetoka kwenye udongo na pumzi ya kitabu cha Mwanzo, na alilichagua. Kwa hiyo albamu iliyoanza kwa kuisuta dini inafungwa kwa kitenzi cha dini kilichofutwa mtenda wake, na inasikika vizuri kuliko hoja zote zilizotangulia. Mimi hiyo naiita heshima, hata kama wao hawakukusudia.

Haya, kile kiti cha mbele. Sura ya tatu ya wimbo mrefu inaitwa mtengeneza zana. Muziki unageuka: sauti za wanyama, kisha magitaa mazito, kisha mashairi yanamleta binadamu. Wanamwita msafiri wa mikono stadi aliyetoka Afrika. Wanamtaja Lucy wa Afar, yule mama mdogo wa miaka milioni 3.2 aliyefukuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Mpaka hapo nakaa wima kitini. Hilo neno "stadi" si la bahati mbaya. Linamchezea Homo habilis, mtu mwenye mikono stadi, aliyepewa jina hilo mwaka 1964 kutokana na mifupa ya Oldupai.

Kidato cha kwanza mwalimu wetu wa historia alichora ubaoni wale watu watano waliopangana mstari, wa kwanza kainama, wa mwisho kasimama kashika mkuki, nasi tukawanakili kwenye daftari kwa penseli. Alitukaririsha Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey Julai 17, 1959, na akatuambia "Zinj" ni Zanj, ni pwani yetu, ni sisi. Darasa lilipiga makofi. Kipindi kilichofuata kilikuwa dini, na hakuna aliyefuta ubao. Mwalimu wa dini alifundisha Adamu na Hawa huku wale watano wakitembea nyuma ya kichwa chake. Hatukuona mgongano wowote. Tulikuwa na njaa.

Basi wimbo unaendelea. Afrika imeshatoa mikono na wasafiri. Halafu, mistari michache mbele, unakaribishwa Ionia, ile pwani ya Wagiriki wa kale ambayo leo iko Uturuki, na Ionia inaitwa kitanda cha fikra. Alicholalia mtoto wa akili akiwa mchanga. Hiyo ndiyo kokoto yangu.

Nisiwaonee. Ionia si jina la kupuuzwa. Katika karne ya sita kabla ya Kristo huko Mileto alikuwako mwanafalsafa Anaximander, aliyewaza kwamba binadamu wa kwanza walitokea ndani ya viumbe mfano wa samaki; kwa albamu iliyomwimba Tiktaalik, huyo ni babu wa heshima. Na Wafini hawakuibuni njia hii. Carl Sagan, mwanaastronomia wa Marekani, aliipita kabla yao, akiwasifu Waionia kwenye televisheni mwaka 1980, na kivuli cha Sagan kiko kila pembe ya kazi hii. Lakini njia ikipitwa na wengi haimaanishi imenyooka. Tazama mgawanyo wa kazi: Afrika inatoa mwili, Ugiriki inatoa akili. Afrika inazaa, Ulaya inafikiri. Hakuna aliyekaa akapanga kutukana. Ni mazoea tu, na mazoea hupenya hata kwa mtu mwenye nia njema aliyesoma vitabu vyote vizuri.

Na ni mazoea yaliyochakaa hata kisayansi. Mei 20, 2015, chini ya miezi miwili baada ya albamu kutoka, jarida la Nature lilichapisha habari za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana: zana za mawe zenye miaka milioni 3.3, kongwe kwa miaka laki saba kuliko zote zilizokuwa zikijulikana. Mengine ya mawe hayo yana uzito wa kilo 15. Jaribu kubeba jiwe la kilo 15, uligonge juu ya jiwe jingine upate kipande chenye makali. Ni lazima makali hayo uyaone kabla hayajatokea. Ni lazima uchague jiwe, maana si kila jiwe linavunjika unavyotaka. Ni lazima uwe na kesho kichwani. Kama hiyo si fikra, sijui tunaitafuta nini. Mkono na akili havikuzaliwa mabara mawili tofauti.

Mwaka huohuo wa 2015 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakichimba mashimo ya ukaguzi Laetoli, kuangalia kama makumbusho yaliyopangwa kujengwa hapo yangeharibu kitu, wakakutana na nyayo nyingine, mita 150 kutoka zile za 1978. Ulimwengu ulisoma habari hizo Desemba 2016. Sidai kwamba Holopainen angejua. Nasema tu kwamba simulizi aliyoiimba kama imekamilika ilikuwa bado inafukuliwa, kwa koleo na brashi, na wenyeji wa mahali penyewe.

Mashairi hayo hayo yana dai jingine, jepesi kupita bila kuonwa: kwamba ibada ilianza kwa hofu, hofu ya kale ya kiumbe anayewindwa gizani. Ni nadharia inayoheshimika. Inanikumbusha watu wanaosema ndoa ilianza kwa sababu ya mali. Huenda. Lakini muziki wenyewe unaikanusha, kwa sababu sura ya nne, inayofuata, haina hofu hata kidogo. Hapo ndipo Floor, mpiga besi na mwimbaji Marko Hietala, na kwaya wanarudia na kurudia maneno machache, kwamba tulikuwapo hapa, tulikuwapo. Mara ya kwanza niliposikia niliwaza watunzi wa tenzi. Mwengo wa Athumani na wenzake wa Pate na Lamu walikuwa na desturi hiyo: ukishamaliza kusimulia vita na mitume, beti za mwisho unajitaja, jina langu fulani, nimetunga mwaka fulani, niombeeni. Wimbo huu unafanya hivyo kwa niaba ya spishi nzima. Floor anaachia koo hapo, hatimaye, na unaelewa kwa nini alikuwa amelifunga dakika zote zile. Baada yake ni mawimbi, na Dawkins na pumzi yake isiyo na mpulizaji.

Nightwish wameendelea na njia hiyo kwa albamu mbili, ya 2020 na ya 2024, na zote zina mazuri yake, ingawa kwangu hakuna iliyofikia kilele hicho cha "tulikuwapo".

Ninaposikiliza sehemu hiyo sasa, simwazi Lucy wala Anaximander. Namwaza mtoto aliyepatikana katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, na kutangazwa mwaka 2021. Watafiti walimwita Mtoto, kwa Kiswahili hivyohivyo, kwenye kurasa za Nature. Alikuwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alizikwa miaka elfu 78 iliyopita, na ndilo kaburi kongwe la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Mifupa ilikuwa laini kama vumbi. Iliwabidi waimwagie plasta na kuibeba kitu kimoja hadi maabara. Huko ndiko walikogundua namna alivyolazwa: ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, sehemu ya juu ya mwili yaonekana ilivingirishwa kitu, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza zamani, pengine mto.

Kwenye saa ya wimbo, kaburi hilo liko sehemu 24 kati ya elfu moja za sekunde kabla ya mwisho. Haliwezi hata kusikika. Mtu fulani alichimba shimo pale pangoni, akamkunja mtoto wake kama alivyozoea kulala, akatafuta kitu cha kumwekea chini ya kichwa.